Deni usilolijua kwenye ripoti ya mikopo: anza na tarehe, jina baadaye

Hapa Tanga mtu akinyimwa mkopo, mara nyingi anaambiwa tu, "Una deni sehemu." Akiipata ripoti yake anakuta kadi ya mkopo ya benki ambayo hajawahi hata kuingia. Kabla hujaapa kwamba umeibiwa jina, fuata utaratibu huu ninaoutumia na wateja wangu.

Hatua ya 1. Pata ripoti nzima kutoka kampuni ya taarifa za wakopaji yenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania. Ukurasa mmoja uliopigwa picha kwa simu ya afisa mikopo hautoshi.

Hatua ya 2. Weka kando sehemu ya maulizo. Hiyo inaonyesha nani alichungulia taarifa zako, haionyeshi madeni.

Hatua ya 3. Funika jina la mkopeshaji kwa karatasi. Sitanii. Soma kwanza tarehe ya kufunguliwa na kiasi, kisha ujiulize mwezi ule ulikuwa na shida gani ya hela. Majina ndiyo yanayopoteza watu. M-Pawa wengi wanaijua kuwa ya Vodacom, lakini benki iliyo nyuma yake ni NCBA, zamani CBA. Muuza nyanya wa Mgandini aliyekopa elfu thelathini kwa simu atakuapia kwamba NCBA haijui, na hadanganyi. Benki nazo hubadili majina: TPB imekuwa TCB tangu 2021, na Bank M iliingia Azania mwaka 2019. Deni la zamani linaweza kukujia na jina jipya.

Hatua ya 4. Kama ni kadi ya mkopo kweli, tofautisha kikomo na salio la deni. Ukiona milioni tatu, usipaniki; huenda hicho ni kiwango unachoruhusiwa kutumia, na unachodaiwa ni sifuri. Angalia pia hali ya akaunti. Kuikata kadi kwa mkasi hakufungi akaunti, na kama ina ada ya mwaka, ada inaendelea kukatwa hadi inageuka deni lililochelewa. Kadi iliyopotea ikatolewa nyingine, namba hubadilika, na deni moja linaweza kuonekana kama mawili: linganisha tarehe na vikomo. Kadi ya kawaida ya ATM haihusiki hapa, maana unatoa hela yako mwenyewe.

Hatua ya 5. Tazama nafasi yako katika mkataba: mkopaji, mkopaji mwenza au mdhamini? Sisi watu wa pwani tunadhaminiana kwa kuoneana haya. Jirani analeta fomu jioni, unasaini mlangoni, kesho umesahau. Yeye asipolipa, jina lako nalo limo.

Hatua ya 6. Bado hulitambui? Linganisha namba ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa, herufi kwa herufi. Akina Hassan Juma ni wengi kuanzia Chumbageni hadi Pangani, na taarifa za mmoja zikiingizwa vibaya zinamwangukia mwingine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini usiyoijua ni dalili mbaya, kwa sababu mikopo ya simu hupitia humo.

Hatua ya 7. Andika barua kwa mkopeshaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyepeleka taarifa, na nakala kwa kampuni iliyotoa ripoti. Ambatisha kitambulisho, zungushia mstari unaoupinga, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukishuku wizi wa jina, pitia polisi kwanza uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Usilipe hata shilingi ili "yaishe", maana malipo yatasomeka kama umelikubali deni. Wale wanaojitangaza kwamba wanasafisha majina kwa elfu hamsini waache na biashara yao.

Mkopeshaji akikuzungusha, peleka barua hizo hizo dawati la malalamiko la Benki Kuu. Akirekebisha, dai uthibitisho wa maandishi, kisha toa ripoti mpya kabla hujarudi kuomba mkopo.