Jinsi ya kusomea mtihani wa cheti cha mitandao kwa kozi za video bila kujidanganya

Kozi yangu ya kwanza ya CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, niliimaliza ndani ya wiki tatu. Video zote, moja baada ya nyingine, nyingine nikiwa nimejilaza na simu kifuani. Mwalimu alikuwa hodari wa kueleza. Kila alichosema kiliniingia, na ilifika mahali nikawa nabashiri sentensi yake kabla hajaimaliza. Siku ya kufungua Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, nikaweka swichi moja (kifaa cha kuunganisha kompyuta) na kompyuta mbili, nikabofya swichi. Likatokea neno `Switch>` na kishale kinapepesa. Nikakitazama, nacho kikanitazama. Sikukumbuka hata kwamba amri ya kwanza ni `enable`.

Tangu hapo nimefanya mitihani kadhaa, na riziki yangu inatokana na hizo hizo swichi na ruta, vifaa vinavyounganisha mtandao mmoja na mwingine. Nilichogundua ni kwamba video hukufundisha pale unapoisimamisha. Ikiwa inaendelea kucheza, anayefanya kazi ni mwalimu, wewe umekaa tu. Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu.

Hatua ya 1: Pakua orodha ya mada kabla ya video yoyote

Kila mtihani una orodha rasmi ya mada, na wenye mtihani huiweka bure kwenye tovuti yao. Watu wengi wanaoniomba ushauri hawajawahi kuifungua, ilhali ndiyo mkataba wenu: kilichomo kinaweza kuulizwa.

CCNA, mtihani namba 200-301, ina mafungu sita yenye uzito tofauti. Fungu la ruta na njia za IP lina 25%. Misingi ya mitandao ina 20%, na 20% nyingine ni za swichi, VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi), trunki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi), STP (itifaki inayozuia mizunguko kati ya swichi) na Wi-Fi. Usalama una 15%, kisha huduma za IP na otomatiki (kusimamia vifaa kwa programu) zina 10% kila moja. Network+, cheti kingine cha mitandao kutoka CompTIA, toleo la N10-009, ina mafungu matano, na lililo zito kuliko yote ni la kutafuta hitilafu, 24%.

Namba hizo zinakulinda na mapenzi ya mwalimu. Yuko mwalimu anayependa otomatiki, ataipa video kumi na mbili, halafu OSPF, itifaki ya ruta kuambiana njia, aipitie kwa mbili. Ukimfuata yeye badala ya orodha, utaingia mtihanini umeshiba upande mmoja.

Zinakulinda pia na kozi zilizochakaa. CCNA 200-301 ilianza Februari 2020, ikarekebishwa Agosti 2024 kuwa toleo la 1.1: zana za otomatiki Puppet na Chef zikatoka, Terraform ikaingia, na akili mnemba ikapata mistari yake. Sisemi utupe kozi ya 2020. STP ya wakati ule ndiyo ya leo, na maelezo yake hayajaoza. Sehemu ya otomatiki ndiyo utakayoitafutia video mpya.

Ichapishe orodha hiyo, na pembeni ya kila mada andika namba ya video inayoihusu. Mada itakayobaki bila namba ni shimo la kozi yako, na umelijua mapema.

Hatua ya 2: Mpime mwalimu kwa mada ngumu

Usimchague kwa video ya kwanza. Video ya kwanza huwa nzuri kwa kila mtu, kwa sababu inaeleza mtandao ni nini. Nenda moja kwa moja kwenye STP, utazame anavyoeleza jinsi swichi zinavyomchagua mkuu wao. Akikwambia tu kwamba mwenye namba ndogo ndiye anayeshinda, mwache. Akikuonyesha kwamba kipaumbele cha awali ni 32768, kwamba namba ya VLAN huongezwa juu yake, na kwamba swichi zikilingana mwamuzi ni anwani ya MAC (namba ya kiwandani ya kifaa) iliyo ndogo, huyo anajua anachokisema. Akimalizia kwa kuonya kwamba ukiacha mambo yalivyo mkuu anaweza kuwa swichi kuukuu kuliko zote, huyo amewahi kufanya kazi kweli.

Mchague mmoja wa kudumu naye, na mwingine wa akiba kwa mada zitakazokukwama. Watano ni kukimbia kusoma. Za bure zipo na ni nzuri: Professor Messer ana mfululizo mzima wa Network+, Jeremy's IT Lab ana wa CCNA pamoja na mazoezi ya maabara. Kulipia si lazima.

Hatua ya 3: Simamisha kabla ya jibu

Mwalimu akichora kompyuta A yenye 192.168.1.10, kompyuta B yenye 192.168.2.10 na ruta katikati, kisha akauliza fremu (kifurushi cha data) ikitoka kwa A itabeba MAC ya nani kama mpokeaji, simamisha hapo hapo. Andika jibu lako kwa kalamu, kwenye karatasi. Ukilijibu kichwani utajipa maksi za bure.

Jibu ni MAC ya ruta, upande unaomwelekea A. Aliyeitazama video bila kuisimamisha atakwambia ni ya B, na atakuapia kwamba ndivyo mwalimu alivyofundisha.

Mimi husimamisha kama kila dakika tatu au nne. Video ya dakika ishirini hunichukua saa nzima, na sioni hasara. Kuhusu kasi, nadharia naiongeza hadi 1.5 bila wasiwasi, ila mwalimu akianza kuandika amri nairudisha kawaida, maana hapo kila neno lina kazi.

Na usinakili anachosema. Daftari langu la kwanza lilikuwa nakala safi ya kozi nzima, kwa rangi tatu, na sikulifungua tena hata siku moja. Siku hizi naandika maswali tu.

Hatua ya 4: Funga video, jenga, kisha haribu

Hapa ndipo penye kazi. Packet Tracer ni bure, unajiandikisha Cisco Networking Academy na kuipakua, na kwa CCNA inatosha. GNS3 na EVE-NG, programu nyingine za maabara, ni nzuri kwa anayeendelea mbele, lakini anayeanza huzipotezea wiki nzima akitengeneza maabara badala ya kusoma. Wa Network+ nao waifungue Packet Tracer, hata kama mtihani wao haufungamani na kampuni moja, na waongeze Wireshark, programu ya kunasa data inayopita mtandaoni. Kwenye Windows andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`, huku Wireshark inakamata. Utaona DHCP, inayogawa anwani za IP, inapita na jumbe zake nne, Discover, Offer, Request na ACK, na hutazisahau tena.

Utaratibu wenyewe: tazama onyesho la mwalimu hadi mwisho bila kugusa kitu. Funga video. Jenga alichojenga, kwa kumbukumbu. Ukikwama, jaribu alama ya `?` kwenye ruta kabla ya kurudi kwenye video.

Chukua mfano wa VLAN mbili zinazopitia ruta moja kwa waya mmoja. Kwa VLAN 10, upande wa ruta unaishia hivi:

`interface g0/0`
`no shutdown`
`interface g0/0.10`
`encapsulation dot1q 10`
`ip address 192.168.10.1 255.255.255.0`

Kwenye video ni dakika nne, laini kabisa. Mimi nilipofunga video nikaanza na `ip address` kabla ya `encapsulation`. Ruta ikakataa na kunitolea ujumbe mrefu, kwamba huwezi kuweka IP kwenye intafesi ndogo, yaani mgawo wa mlango wa ruta, isiyofungwa bado na VLAN. Ujumbe ule sikuwa nimewahi kuuona, kwa sababu mwalimu hakosei, na kama alikosea aliikata sehemu hiyo kabla ya kuipandisha video.

Nikarekebisha, nikapiga ping kujaribu kama vifaa vinafikiana, kimya. `show ip interface brief` ikaniambia `administratively down`. Intafesi za ruta ya Cisco huja zimefungwa, za swichi huja wazi, nami nilisahau `no shutdown` kwenye intafesi yenyewe. Nikafungua, ping ikapita.

Kwa furaha nikaongeza VLAN 30. Kwenye trunki, iliyokuwa na orodha ya VLAN 10 na 20, nikaandika `switchport trunk allowed vlan 30`. VLAN 10 na 20 zikafa papo hapo. Amri ile haiongezi, inafuta orodha yote na kuanza upya. Nilitakiwa kuandika `switchport trunk allowed vlan add 30`. Neno moja la herufi tatu. Kwenye maabara nilicheka. Kwenye mtandao unaotumika na watu, simu zingeanza kulia. Ukishalikosea neno hilo mara moja, `show interfaces trunk` itakuwa amri yako ya kwanza kila ukigusa trunki.

Maabara ikishafanya kazi, iharibu kwa makusudi. Badilisha eneo la OSPF upande mmoja. Weka muda wa hello (salamu za ruta kwa jirani) kuwa 5 huku mwenzake akibaki na 10. Tofautisha VLAN asilia ya trunki. Kila ukiharibu, angalia `show ip ospf neighbor` inasema nini, swichi inalalamika kwa maneno gani. Ukiwa na mwenzako anayesoma naye, ni tamu zaidi: kila mmoja anaharibu faili lake na kumtumia mwenziwe bila kusema kafanya nini. Mitihani yote miwili ina maswali ya vitendo, na anayetunga hukupa mtandao ulioharibika, si ulio mzima.

Hatua ya 5: Maswali yako yageuze kadi

Yale maswali ya hatua ya 3 yaingize Anki au programu nyingine ya kadi. Swali moja, jibu moja fupi. “Majirani wa OSPF wamekwama EXSTART, unashuku nini kwanza?” MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) hazilingani. “OSPF na EIGRP zote zina njia ya mtandao uleule, ruta inaamini ipi?” EIGRP, itifaki nyingine ya njia, kwa kuwa namba yake ya uaminifu, 90, ni ndogo kuliko 110 ya OSPF.

Programu itakurudishia kadi kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kwa kadiri unavyozipata. Bila hilo, ulichotazama mwezi wa kwanza kitakuwa kimeyeyuka ukifika wa tatu. Kadi ulizotengeneza mwenyewe zinashika kuliko za kupakua. Zinakera kutengeneza, najua.

Hatua ya 6: Kugawa subneti, achana na video

Tazama video moja tu ya subneti (kugawa mtandao mkubwa kuwa midogo), uielewe mbinu, halafu basi. Huu ni ustadi wa mkono, kama kupiga hesabu za kichwa, na kumtazama mtu akigawa hakukufanyi ujue kugawa. Kila siku, kabla ya video yoyote, maswali kumi kwa karatasi.

Chukua 172.16.45.200/20. Biti ishirini zinaishia ndani ya okteti ya tatu, maski ni 255.255.240.0, na 256 ukitoa 240 unabaki na hatua za 16: 0, 16, 32, 48. Namba 45 iko kati ya 32 na 48. Mtandao ni 172.16.32.0, anwani ya matangazo ni 172.16.47.255, na kompyuta zinazoingia ni 4094. Siku ya kwanza itakuchukua dakika mbili. Endelea hadi iwe sekunde ishirini, kwa sababu muda utakaookoa hapo ndio utakaoutumia kwenye maswali ya vitendo.

Hatua ya 7: Mtihani wa majaribio ukuambie video ya kurudia

Ukifika theluthi mbili ya kozi, anza mitihani ya majaribio, usingoje umalize. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, lipelekee alama kwenye ile karatasi ya mada. Mada ikifikisha alama tatu, rudi kwenye video yake na maabara yake. Zilizobaki ziache.

Mtu atakuletea “maswali halisi” yaliyovuja. Usiyaguse. Cisco na CompTIA hunyang'anya vyeti kwa sababu hiyo, na aliyepita kwa kudesa hujulikana siku ya kwanza kazini mbele ya `Switch>`.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

CCNA ni dakika 120, na huruhusiwi kurudi kwenye swali ulilolipita. Kwa hiyo jizoeze hivyo hivyo nyumbani: jibu, songa, usigeuke. Network+ ni dakika 90 kwa maswali yasiyozidi 90, unahitaji 720 kwenye kipimo cha 100 hadi 900, na huko unaweza kuweka alama na kurudi. Huko kwenye Network+ maswali ya vitendo hupenda kujitokeza mwanzoni. Yaruke, jibu ya kuchagua, kisha uyarudie ukiwa umetulia.

Ukikosa, Cisco inakutaka usubiri siku tano kabla ya kurudia. CompTIA haikuwekei subira kati ya jaribio la kwanza na la pili, ila kwa la tatu utasubiri siku 14. Ripoti ya matokeo ya Cisco huonyesha asilimia zako kwa kila fungu, na ya CompTIA hukutajia malengo uliyoyakosea. Iweke kando ya ile karatasi ya hatua ya 1, yenye mada na namba za video. Mara niliyoanguka mimi, fungu lililoniangusha lilikuwa la huduma za IP: NAT (kubadilisha anwani za IP), NTP (kulinganisha saa), DHCP ya kupitishwa na ruta. Video nilizorudia zilikuwa nne, na siku zilizobaki nilikuwa ndani ya Packet Tracer naharibu NAT.