Viatu kwanza: kununua vifaa vya kupanda mlima ukiwa mgeni Goma

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekuja Goma kikazi kutoka Mombasa, Dodoma au Kampala, akafika na raba, jinzi na koti la ofisini, kisha akaalikwa mlimani. Usimalize Jumamosi nzima ukitafuta duka maalum. Vifaa vipo, ila vimelala ndani ya balo za chaguwa, ndilo jina la mitumba huku, na kazi yako ni kutofautisha kilichochakaa na kilichozeeka. Kilichochakaa unaweza kukivaa miaka. Kilichozeeka kitakuacha njiani hata kama kinang'aa.

Hatua ya 1: Jua utalala mita ngapi

Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na Goma, ni mita 3,470. Ukifungwa, na hufungwa, watu huvuka Rwanda kupanda Bisoke (3,711) au Karisimbi (4,507). Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kama digrii 0.65. Goma iko mita 1,500 hivi. Usiku wa digrii 15 mjini ni digrii 2 ukingoni mwa Nyiragongo, kabla hujahesabu upepo. Kilele cha Karisimbi kwa hesabu hiyohiyo ni chini ya sifuri. Jina lake lenyewe huhusishwa na isimbi, simbi nyeupe, kwa weupe unaoonekana juu baada ya mvua ya mawe au theluji. Bisoke ni safari ya siku moja, hivyo hofu yako pale ni tope na upupu kuliko baridi ya usiku. Karisimbi kwa kawaida ni siku mbili: unalala kwenye hema.

Hatua ya 2: Pima mguu kwa sentimita

Pima jioni, umesimama, ukiwa na soksi nene, miguu yote miwili, uchukue ulio mrefu. Usiende sokoni na namba ya raba zako kichwani: 8 ya Uingereza ni karibu 42 ya Ulaya na 9 ya Marekani kwa wanaume, na balo moja inaweza kuwa na zote tatu. Chini ya ulimi wa kiatu tafuta kibandiko chenye CM au JP (namba ya Kijapani), yaani urefu wa mguu. Hiyo ndiyo namba ya kuamini.

Hatua ya 3: Viatu

Nenda soko la Virunga au mtaa wa Birere, asubuhi, siku balo inapofunguliwa. Siku hiyo hutofautiana kwa kila muuzaji, kwa hiyo muulize mapema. Beba soksi utakazopandia, chupa ya maji na karatasi za tishu. Beba pia dola safi: noti iliyochanika hata kidogo pembeni, au iliyoandikwa kwa kalamu, itarudishwa mkononi mwako.

Sasa soli. Kiatu cha mlima kina tabaka tatu, kuanzia chini: mpira mgumu wenye meno unaogusa ardhi, povu katikati, na sehemu ya juu ya ngozi au kitambaa. Wanunuzi huangalia meno ya mpira na ngozi. Kinachoua kiatu ni povu la katikati, ambalo mara nyingi hulioni vizuri kwa sababu limezungukwa na mpira.

Viatu vingi vizito vya mlima hutumia povu la poliyurethani. Unyevu wa hewa hulila povu hili polepole kutoka ndani, kiatu kivaliwe kisivaliwe, na joto huharakisha kazi hiyo. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya mitano na kumi, povu huwa kama mkate uliolala: linashikana ukiliangalia, linamung'unyika ukilikanyaga. Sasa fikiria safari ya kiatu cha chaguwa. Kimekaa miaka kabatini Ulaya, kikabanwa ndani ya balo, kikasafiri baharini ndani ya kontena lenye joto, kikakaa bohari. Ndiyo maana kiatu ambacho hakijawahi kuvaliwa, chenye meno yote na ngozi safi, ndicho cha kuogopa zaidi kwenye meza. Mtu aliyekinunua hakukitumia, kikazeeka kikiwa kipya. Kiatu chenye meno yaliyolika kidogo na povu hai kina thamani mara mbili ya hicho.

Kagua hivi, kwa mpangilio huu, kwa sababu vipimo vya mwanzo havimuudhi muuzaji:

Kwanza soma tarehe. Kampuni nyingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye kibandiko cha ndani, mara nyingi kwa herufi ndogo sana, kitu kama 03/17. Kikiwa na zaidi ya miaka minane na kina povu la poliyurethani, kirudishe mezani hata kama ni cha bure. Kibandiko kikiwa kimekatwa, endelea, lakini usilipe bei ya kiatu kinachojulikana umri.

Pili, bonyeza povu kwa ukucha wa kidole gumba, upande wa kisigino. Povu hai hurudi mara moja. Likiacha shimo, likitoa unga, au likinata kidoleni kama pipi iliyoyeyuka, limekufa.

Tatu, kunja kiatu mbele, pale vidole vinapokunjika, mara ishirini, kwa nguvu. Mara tatu hazitoshi. Ufa mwembamba wa nywele kwenye povu hufunguka ukikunja na kupotea ukiachia, kwa hiyo angalia wakati kimekunjwa. Kisha kishike kisigino, uvute ncha ya mpira kama unayemenya ndizi.

Nne, tafuta gundi. Wauzaji wengine hubandika soli iliyoachia na kupaka kiwi nyeusi juu. Gundi mpya huacha mstari unaong'aa kati ya mpira na povu, na harufu yake haijifichi. Gundi peke yake si kosa: muulize waziwazi, na ushushe bei.

Tahadhari kadhaa hapa, kwa sababu ndipo watu hukosea. Nembo ya njano ya Vibram, kampuni ya mpira wa soli, chini ya kiatu inakuambia habari ya mpira wa nje tu. Juu yake kunaweza kuwa na povu lililokufa. Viatu vyepesi mara nyingi vina povu la EVA, aina nyingine ya plastiki, ambalo halimung'unyiki hivyo, bali hubonyea na kubaki bapa. Ukiona mikunjo mingi ya ulalo kwenye povu la kisigino, limechoka, lakini halitakuacha peku. Ukisita kati ya viwili, chukua cha EVA. Na kiatu kilichofuliwa asubuhi hiyo na bado kina unyevu kirudie kesho, maana maji huficha nyufa.

Fundi viatu wa hapa wanashona soli kwa uzi wa nailoni kuzunguka kiatu chote, na wanashona vizuri. Mpe kazi hiyo kabla ya safari, hata soli ikiwa imeshika. Ila uzi unahitaji kitu cha kushika: povu likiwa limekufa, unashona makombo.

Ukisharidhika ndipo uvae. Toa soli ya ndani, simama juu yake: ibaki nafasi ya kidole kimoja mbele. Vaa vyote viwili, funga kamba, teremka ngazi au mteremko wowote. Vidole vikigonga mbele, achana navyo, kwa sababu kucha hupotea wakati wa kushuka. Bei baadaye:

"Mama, hivi ni bei gani?"
"Kumi na tano, papa. Premier choix hiyo, daraja la kwanza."
"Soli imebandikwa hapa, mama, ona. Nitamlipa fundi tena. Nipunguzie."
"Leta kumi na mbili."

Usiseme "vibaya hivi" halafu ukavinunua. Onyesha kosa moja la kweli, inatosha.

Aina tatu za kuacha. Viatu vya kazi vyenye chuma mbele ni vingi na vinaonekana imara, lakini ni vizito, na chuma hicho hugonga kucha kila hatua ya kushuka. Bote za mpira ni nzuri kwa tope la Bisoke na wapagazi wengi huzivaa, lakini kwenye mawe ya lava kisigino huchezea ndani hadi ngozi itoke. Buti za jeshi usiziguse, pamoja na suruali, kofia au begi lolote la madoadoa ya kijeshi. Kongo raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi, na Goma si mji wa kumweleza askari kwenye kizuizi cha barabarani kwamba ulitaka mifuko mingi tu.

Hatua ya 4: Koti la mvua

Ligeuze ndani nje. Tafuta utepe unaofunika mishono. Ukiachia mabegani, maji yatapita hapo. Paka kiganja kwenye bitana: vikitoka vigamba kama vya samaki, au likinuka uchachu kama maziwa yaliyoganda, tabaka la ndani limekufa na hakuna dawa.

Likipita hapo, weka tishu ndani ya bega, mimina maji juu, subiri dakika tano. Tishu ikibaki kavu lakini kitambaa cha nje kimelowa na kuwa kizito, koti ni zima. Limepoteza tu dawa ya juu inayofanya maji yateleze. Lifue kwa sabuni ya maji kidogo, bila ya kulainisha nguo, suuza mara mbili, likauke, kisha lipigwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba. Ukimpelekea mpiga pasi wa mtaani, simama hapohapo: pasi ya makaa haina kipimo cha joto, na nailoni huyeyuka kabla hajamaliza sentensi.

Nunua pia mita mbili za shitingi, yaani turubai la plastiki. Inafunika begi, inakaliwa, inazuia upepo.

Hatua ya 5: Nguo za joto

Pamba hapana, jinzi hapana kabisa. Inashika jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha ukisimama. Balo nyingi hutoka Ulaya, kwa hiyo zoea vibandiko: coton, cotone na Baumwolle zote ni pamba, laine na Wolle ni sufu. Kibandiko kikikosekana, vuta uzi mmoja mshononi, uuchome pembeni: pamba huungua kama karatasi, polyester hujikunja kuwa ushanga mweusi mgumu, sufu hunuka nywele zilizoungua.

Chukua fulana moja ya polyester ya kubana, sweta mbili nyepesi za polyester badala ya moja nene, na koti lililojazwa nyuzi za polyester. Jaketi za manyoya ya bata ni za joto zaidi kwa uzito, lakini zikilowa hazina kazi, na ukungu wa milima hii hulowesha bila mvua. Loweka vyote kwa sabuni, anika juani siku mbili kabla ya kuvaa.

Hatua ya 6: Vitu vidogo

Begi la lita 40 hadi 50, lenye mkanda wa kiuno ambao klipu yake inafunga kwa mlio. Zipu inayoachia nyuma yako kwa kawaida inataka kichwa chake kibanwe kidogo kwa koleo tu. Torchi ya kichwa inapatikana Birere kirahisi, mji umezoea giza. Lipia betri za alkali. Glovu za bustani kwa ajili ya upupu na lava: jiwe lililopoa linakata kama chupa.

Hatua ya 7: Kuvuka mpaka

Ukienda Rwanda kupitia Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi, usifunge nguo kwenye mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku kule tangu 2008 na utaiacha mpakani. Na usibebe chaguwa likiwa limefungwa kama mzigo wa biashara: mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Panga vyako ndani ya begi kama vya msafiri, viatu vaa.

Kuagiza viatu mtandaoni siwezi kukushauri. Visipokutosha, kuvirudisha kutoka Goma ni ghali kuliko viatu. Mwenzako akija kutoka Nairobi, mwagize soksi za sufu. Hizo ndizo adimu kwenye balo.

Hatua ya 8: Jaribu mjini

Tembea kilomita kumi kwenye mtaa wako wa mawe ya lava, begi likiwa na kilo nane, wiki mbili kabla. Kisha geuza viatu na upige soli mbili zikigongana juu ya gazeti. Ukiona unga mweusi au makombo ya povu, rudi hatua ya 3.