Muwasho usiokwisha: kupima damu hatua kwa hatua

Wenzangu wa vituo vya afya Pemba, mgonjwa anayewashwa kwa wiki 6 au zaidi huingia na kauli ileile: "Daktari, damu yangu chafu, nipimeni." Tutampima, lakini damu isitangulie.

1. Tazama ngozi yote, faraghani, penye mwanga. Angalia baina ya vidole, vifundo vya mikono, kitovuni. Uliza nani mwengine nyumbani hujikuna usiku. Ikiwa ni upele, tibu nyumba nzima kwa pamoja; hakuna kipimo cha damu kinachouonesha.

2. Mwambie atoe dawa zote alizonazo mkobani. Hapa usiharakishe. Wengi wameshameza prednisoloni ya dukani, dawa ya steroidi, nayo hushusha eosinofili, chembe nyeupe za damu zinazopanda kwa minyoo na mzio, jibu likaonekana zuri bure. Kubwa zaidi, kuna minyoo ya stronjiloidi, inayopenya ngozi ya anayekanyaga udongo pekupeku. Mwenye minyoo hiyo akipewa prednisoloni, minyoo huzaliana mwilini mpaka ikaweza kumuua. Nakuombeni sana, msiandike prednisoloni kabla ya kuifikiria minyoo hii.

3. Toa damu. Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika 1. Anza na chupa ya kifuniko chekundu, iache igande nusu saa. Ya zambarau ifuate, kwani dawa yake ya kuzuia damu isigande, EDTA, ikiingia kwenye chupa nyekundu hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu kwa uongo. Ipindue taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise.

4. Omba picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zote), kreatinini ya kupima figo, vipimo vya ini, sukari, homoni ya tezi ya shingo, homa ya ini B na C, na VVU kwa ridhaa yake. Kipimo cha IgE ya jumla, kingamwili ya mzio, sikipendi: hupanda kwa minyoo, hupanda kwa pumu ya ngozi, na mgonjwa kesha lipa.

5. Soma majibu. Eosinofili zikizidi 500 kwa mikrolita, kwetu tafuta minyoo kwanza. Choo cha siku moja hakitoshi, maana stronjiloidi haitoki kila siku. Albendazo ya dozi moja, ile dawa ya minyoo ya skuli, haitoshi kuimaliza. Dawa yake ni ivamektini. Kreatinini ikiwa juu, shughulikia figo. Bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo iliyomo katika vipimo vya ini, ikipanda, fikiria njia ya nyongo.

Anayekonda, anayetoka jasho usiku na kuvimba mitoki, mwandikie rufaa siku hiyohiyo, hata kama picha ya damu haina kasoro.