Kabla hujanunua bando: maelezo ya wakala wa Ngamiani

Mimi ni wakala hapa Ngamiani, Tanga. Nauza vocha, nasajili laini, naweka na kutoa pesa. Swali ninaloulizwa sana ni mtandao gani una bando la bei nafuu, nami humrudishia mteja swali: wewe unampigia nani, na unalala wapi?

Laini nzuri ni ile inayoshika nyumbani kwako na inayotumiwa na watu wako. Vodacom, Airtel, Yas (ndiyo Tigo ya zamani), Halotel na TTCL wote wana vifurushi, na bei zao hubadilika mara kwa mara. Mtu wa milimani Lushoto anajua upi unashika sebuleni na upi unamtoa hadi nje kwenye mwembe. Waulize majirani hilo kwanza, bei baadaye.

Kusajili laini ni kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na alama za vidole. Laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Wazee waliolima au kupikia kuni miaka mingi, vidole vyao huwa vigumu kusomeka. Nawa, kausha vizuri, jaribu kidole kingine. Na kila unapobonyeza, uliza: kimesoma au hakijasoma? Wapo wasajili wa mitaani wanaosema "hakijakubali mama, rudia," kumbe wanatoa laini ya pili kwa jina lako. Ukifika nyumbani piga *106#, chagua kuangalia usajili, uingize namba yako ya NIDA. Ukiona namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika wakaifute.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo watu wanapolia. Ukikwangua vocha, kilichoingia ni salio la kawaida. Ukipiga au ukiperuzi bila kujiunga na kifurushi, unakatwa kwa bei ya kawaida, ambayo ni kali zaidi. Kwenye simu janja kuna hatari nyingine: data ikiwa imewashwa, salio linaanza kuliwa kabla hata hujabonyeza menyu. Basi zima data, ingiza vocha, jiunge, ngoja ujumbe wa uthibitisho, ndipo uwashe.

Na huo ujumbe usomwe! Angalia mambo matatu: kifurushi kinaisha lini, dakika ni za mitandao yote au za mtandao huohuo tu, na MB ni za muda wote au zipo zilizotengwa kwa usiku. Muuza maandazi jirani yangu alifurahia dakika tele kwa bei ndogo, wakati wanawe wote wapo mtandao mwingine. Dakika zikaisha muda wake zimekaa tu. Kifurushi kidogo cha mitandao yote kingemfaa zaidi.

Halafu piga hesabu. Bando la 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Ukiweza kutoa pesa hiyo kwa mkupuo, linganisha na kifurushi cha mwezi: gawa bei kwa idadi ya GB, uone GB moja inakuja shilingi ngapi. Mara nyingi cha mwezi kinashinda. Lakini kama nyumbani kuna watoto wanaochukua simu kuangalia katuni, mimi nakushauri cha wiki. Cha mwezi watakimaliza siku za mwanzo, nawe utarudi kwangu umekasirika.

Bando "kujiisha lenyewe" nalo lina sababu. Video ndiyo mlaji mkubwa; saa moja, hata kwa ubora wa kati, inaweza kumaliza MB mia kadhaa. Kinachofuata ni magrupu ya WhatsApp. Ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji otomatiki wa picha, sauti na video. Utafungua unachotaka wewe, si kila salamu ya asubuhi yenye maua. Kisha ingia duka la programu, uweke masasisho yafanyike kwa Wi-Fi pekee. Mwisho, kwenye mipangilio ya simu, tazama matumizi ya data: utaona kila programu imekula kiasi gani. Nikimfungulia mteja ukurasa ule, ugomvi huisha palepale. Na kama kazi yako ni kupiga, kupokea na kutuma pesa tu, nunua kitochi, simu ndogo ya vitufe. Chaji inakaa siku kadhaa na hakuna data ya kuvuja.

Ukinunua simu, hasa iliyokwisha kutumiwa na mtu, piga *#06# upate namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe), uitume kwa SMS kwenda 15090. Jibu likija la simu tofauti na uliyoshika, mrudishie mwenyewe. Ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usambaze kwenda 15040. Namba ya siri ya pesa usimpe mtu yeyote, hata mimi wakala. Ninapokutolea pesa, namba hiyo unaibonyeza wewe, kwenye simu yako. Na simu ikiibiwa, azima ya jirani mwenye laini ya mtandao wako, upige 100 wafunge laini na akaunti ya pesa siku hiyohiyo, halafu uende na kitambulisho cha NIDA kurudisha namba yako.