Jinsi ya kuufuata mto Panke kwa miguu, toka Bernau mpaka Wedding

Wadau mnaoishi Berlin na mnaokuja kutembea, wengi wanaujua Panke kama kale kamto kanakopita nyuma ya maghorofa ya mtaa wa Wedding, wanasimama darajani wanapiga picha moja basi. Mi nawaambia ufuateni wote, ni kama kilomita 29 tu, na mshuke na maji, yaani mwanzie Bernau, kamji kaliko nje ya Berlin, mje mjini, maana yaliyoupata huu mto unayaelewa vizuri ukiyakuta kwa mfuatano huo, ukianzia Wedding unaona mtaro tu hujui umefikaje hapo.

Kufika: panda treni ya S-Bahn namba S2 mpaka mwisho, Bernau. Ni zoni C, nje ya mji, so chukua tiketi ya ABC, ile ya AB haitoshi, na kama ni ya karatasi igonge kwenye mashine kabla hujapanda, wakaguzi hawasikilizi maelezo. Reli yenyewe imefuata bonde la mto, treni zilifika Bernau toka 1842, na tarehe 8 Agosti 1924 treni ya kwanza ya umeme ya S-Bahn ya Berlin ilikimbia kwenye njia hii hii. Faida kwako ni kwamba stesheni haziko mbali na mto, Zepernick, Buch, Karow, Blankenburg, Pankow, ukichoka au mvua ikikukuta unakatiza unapanda treni unarudi. Ushauri wangu gawanya siku mbili, ya kwanza ishia Blankenburg au Pankow. Wenye baiskeli fuateni vibao vya njia ya Berlin–Usedom, sehemu kubwa inakwenda na mto.

Bernau usiikimbie. Ukuta wa mji wa kale bado upo, ndio uliowashinda Wahussi, wale wafuasi wa Jan Hus wa Bohemia, walipouzingira mji 1432, na mji ulikuwa na jina kwa bia. Wenyeji wanasimulia kwamba kesho yake ikiwa siku ya kupika bia, mpiga mbiu alipita akitangaza mtu asiende haja kwenye Panke. Mto unaanzia kwenye ardhi chepechepe hapo hapo mjini, usitegemee chemchemi ya kurusha maji, mwanzoni ni mfereji mwembamba unaweza kuuruka.

Buch mto unapita ndani ya bustani ya kasri. Kasri lenyewe lilibomolewa 1964, kanisa lake la miaka ya 1730 limebaki. Hapa naomba upunguze mwendo, kwa sababu mashamba ya kuzunguka Buch ndiko Berlin ilikopeleka maji taka yake kwa miongo mingi, mpango wa mhandisi James Hobrecht wa karne ya 19, uchafu unasukumwa kwa pampu toka mjini unamwagwa mashambani ardhi iuchuje, na maji yaliyochujwa yanaingia kwenye mitaro na kwenye Panke. Mabwawa ya Karow yalikuwa ya kufugia samaki, leo ni hifadhi na ndege wamejaa, beba darubini. Blankenburg utaona mto unagawanywa, maji ya mafuriko yanapelekwa na mfereji wa Nordgraben mpaka ziwa Tegel, ndio maana huko mbele mto unakuwa mwembamba kuliko ulivyotarajia.

Siku ya pili anzia kasri la Schönhausen, Pankow. Malkia Elisabeth Christine, mke wa Frederick wa Pili mfalme wa Prussia, alipewa 1740, mumewe akaishi kwingine, na baada ya 1949 hapo hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya Wilhelm Pieck, rais wa Ujerumani Mashariki. Endelea mpaka Bürgerpark, lile lango kubwa ni la tajiri wa magazeti Killisch von Horn, bustani ikawa ya umma 1907. Ukiipita tu unavuka pale ulipokuwa Ukuta wa Berlin toka 1961, mto ulitoka Mashariki ukaingia Magharibi na watu hawakuweza kuufuata. Stesheni ya Wollankstraße ilikuwa kwenye ardhi ya Mashariki lakini ilitumiwa na watu wa Magharibi, mlango wa Mashariki ulizibwa.

Kutoka hapo historia inabana kweli. Gesundbrunnen kulikuwa na chemchemi ya dawa, mfamasia Behm alijenga bafu za kutibia watu karne ya 18, tafuta maktaba ya Luisenbad. Halafu vikaja viwanda vya ngozi na vya kutia rangi, maji yale yale ya kuponya watu yakageuka jalala, na mto wakauita Stinkepanke, Panke inayonuka. Leo haunuki, na karakana za zamani za tramu pale Uferstraße zimekuwa studio za wasanii. Mbele kidogo kuna magofu ya Wiesenburg, nyumba iliyofunguliwa 1896 kulaza watu wasio na makazi, kwangu mimi hapo ndipo penye uzito kuliko kasri.

Mwisho mto unaingia mfereji wa meli pale Nordhafen. Zamani ulikwenda Spree, na tawi hilo la kusini bado lipo, linapita nyuma ya makao makuu ya idara ya ujasusi kwenye Chausseestraße.

Usirudi nyumbani bado. Nenda Reinickendorfer Straße upande treni ya chini ya ardhi U6 ya Alt-Tegel, ushuke Rehberge au Afrikanische Straße. Huko kuna Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, majina yaliyobandikwa kwa sababu ya ukoloni. Mwaka 1939 barabara moja ilipewa jina la Carl Peters, yule aliyewachukulia Wajerumani nchi yetu, 1986 wakasema sasa ni Peters mwingine, wanaharakati hawakukubali wakapambana miaka na miaka, na 2024 ikagawanywa, upande mmoja ukaitwa Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Namibia aliyepinga ubaguzi, na mwingine Maji-Maji-Allee. Zitembee zote mbili, na soma vibao.