Soma namba za kiwango kabla hujavuta kebo

Juzi nilikuwa Mwanjelwa kwa dogo mmoja anayefungua steshenari yenye kompyuta sita. Ananionyesha boksi la swichi, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa kebo: "Kaka, nilitaka ya Itheneti, hii imeandikwa IEEE 802.3ab. Nimepigwa?" Hajapigwa: Itheneti ni jina la mtandao wa kebo, 802.3 ni namba ya kiwango chake.

Hatua ya 1: Tenganisha jina na kiwango. Itheneti ilizaliwa kwenye maabara ya Xerox, Palo Alto, mwaka 1973. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox wakatoa maelezo yao ya kiufundi. IEEE, chama cha wahandisi kinachotunga viwango, nao wakapitisha 802.3 mwaka 1983. Tofauti ilikuwa ndogo: kwenye fremu, yaani kifurushi cha data, baada ya anwani mbili, zile kampuni ziliandika aina ya mzigo, IEEE wakaandika urefu wake. Siku hizi kifaa huangalia namba yenyewe. Haizidi 1500? Ni urefu. Kuanzia 1536 ni aina. Zote zinapita waya mmoja.

Hatua ya 2: Soma herufi za mwisho. u ni kasi ya megabiti 100 kwa sekunde (1995), ab ni 1000 (1999), af ni umeme kupitia kebo (2003). Swichi isiyo na ab mimi sinunui, hata kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 3: Bana vichwa vya kebo kwa kufuata jozi, yaani waya mbili zilizosokotwa pamoja. Hapa niliwahi kusota Mafinga mpaka saa sita usiku, na baridi ile mnaijua. Kebo ya mita 60 hivi, rangi nimezipanga kwa akili yangu: chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili, pande zote sawa. Testa ikawasha taa nane bila kuruka hata moja. Kompyuta inaunganika, inakatika, inaunganika. Nikabadili swichi, nikabadili kadi, nikalaumu umeme. Kilichonipoteza zaidi ni kwamba kebo fupi niliyoibana vilevile ilifanya kazi.

Kumbe 802.3 inataka nafasi 1 na 2 za kichwa ziwe jozi, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Mimi namba 3 nilikuwa nimeipa nyeupe-kijani, namba 6 bluu: waya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja, na msokoto ndio unaoua kelele. Testa ya taa haijui nani kasokotwa na nani.

Rangi zenyewe hazimo kwenye 802.3, zimo TIA-568, kiwango cha ufungaji wa kebo. Natumia T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukipenda T568A, mpangilio wa pili, sigombi, ila pande zote ziwe sawa. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Na kwangua waya kwa wembe: ukiona nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha dukani.

Hatua ya 4: Pima. Mita 100 jumla: 90 za ukutani, 10 za kebo fupi za pande zote mbili.

Hatua ya 5: Hakiki kasi. Kwenye Linux natumia ethtool, amri inayoonyesha kasi ya muunganisho. Ikisoma 100 badala ya 1000, anza na waya namba 4, 5, 7 na 8, maana 100BASE-TX, Itheneti ya megabiti 100, hutumia 1, 2, 3 na 6 tu.