Taa ya nje huanza kabla ya plasta

Kazi nyingi za taa za nje huitiwa nikiwa nimechelewa. Ukuta umeshapigwa plasta, rangi ya kwanza imekauka, na mwenye nyumba amesimama mlangoni akinyoosha kidole: "Fundi, pale juu nataka taa." Pale juu hakuna bomba la kupitishia waya wala waya wenyewe. Inabidi nipasue ukuta ambao fundi mwashi ameusugua siku nzima, na kiraka changu kitaonekana hata kikipakwa rangi mara tatu. Kwa hiyo, ikiwa nyumba yako bado ni tofali tupu, soma sasa, usingoje.

Anza kwa kuizunguka nyumba giza likiwa limeingia, tochi mkononi. Simama kwenye mlango mkuu ujifanye unatafuta tundu la ufunguo. Taa ikiwa nyuma ya kichwa chako, kivuli chako mwenyewe kitaangukia kitasa. Mimi huiweka ubavuni mwa mlango, upande wa kitasa, kati ya mita 2 na mita 2 na nusu kutoka chini: mkono wa mpita njia haufiki, na ngazi fupi inatosha kuifikia. Kama kuna upenu wa paa, ifiche humo. Taa iliyo chini ya upenu huishi miaka mingi kuliko ile iliyotundikwa ukutani mvua ikiipiga usoni.

Ukishaweka alama, chimba mifereji ya mabomba. Iwe wima au mlalo, kamwe usikate mshazari ili kuokoa mita moja ya bomba. Siku moja mtu atatoboa ukuta huo kutundika picha, na kinga yake pekee ni kujua kwamba waya unashuka wima kwenye swichi au unapanda wima kutoka kwenye taa. Bomba la milimita 20 linatosha. Linapotoka nje, toboa tundu likiwa limeinama kidogo kuelekea nje. Tundu lililonyooka, au linaloinamia ndani, hugeuka mfereji wa kuleta mvua sebuleni. Ni jambo la dakika moja na drili, lakini nimeona kuta zikiota ukungu miaka kwa sababu halikufanywa.

Kabla ya plasta, ziba midomo ya mabomba na visanduku vya swichi kwa karatasi iliyokunjwa vizuri. Waya uvute baadaye, plasta ikishakauka, kwa sababu maji ya plasta mbichi hukaa ndani ya bomba.

Sasa nyaya. Pitisha tatu: laivu (unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Pitisha ethi hata kama taa uliyonunua ni ya plastiki na haina mahali pa kuifunga, kwa sababu baada ya miaka mitano utaweka nyingine ya chuma na ethi itatakiwa. Unene wa milimita za mraba 1.5 ndio wa kawaida kwa taa, nyuma ya breka (kifaa kinachokata umeme mkondo ukizidi) ya ampia 6 au 10. Watu huniuliza kwa nini waya mnene hivyo, maana taa ya LED ya wati 10 kwenye volti 230 haivuti hata ampia 0.05. Ni kweli, taa haiuhitaji. Unene ule ni kwa ajili ya hitilafu: siku laivu itakapogusa ethi, waya lazima ubebe mkondo mkubwa hadi breka ikate, bila kuyeyuka. Juu ya hapo, saketi ya nje iwe na kikata-umeme cha uvujaji, kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, cha miliampia 30. Breka ya kawaida hulinda waya. Kile cha uvujaji ndicho kinachomlinda mtu aliyesimama kwenye maji.

Rangi za nyaya ni msaada, si ushahidi. Katika nchi nyingi leo laivu ni kahawia, nyutro ni bluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Lakini kwa utaratibu wa zamani wa Uingereza, laivu ilikuwa nyekundu na nyeusi ilikuwa nyutro, na Marekani nyeusi hiyohiyo ni laivu. Pima kila waya.

Nikae kidogo kwenye swichi, maana hapa ndipo nilipoumia. Swichi hukata laivu. Nyutro haipiti kwenye swichi, inakwenda moja kwa moja kwenye taa. Mwaka wangu wa pili kazini nilipanda ngazi kubadilisha balbu kwenye nyumba iliyofungwa waya na mtu mwingine. Nilizima swichi, taa ikazimika, nikaamini. Kumbe swichi ilikuwa imekata nyutro, na laivu ilikuwa ingali imekaa juu kwenye holda inanisubiri. Nilirushwa hadi chini, na mkono ukafa ganzi mpaka jioni. Nyumba hiyo taa zilikuwa zikiwaka vizuri kila siku, hakuna aliyeshuku kitu. Ndiyo maana kuwaka kwa taa hakunitoshi tena kama kipimo.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja ambao siuruki. Nazima breka, nabandika utepe juu yake, na nawaambia walio ndani wasiiguse. Kisha najaribu kipimo changu mahali ninapojua pana umeme, nakileta kwenye waya ninaotaka kuugusa, halafu nakirudisha tena pale penye umeme. Kikisema "upo, haupo, upo", naugusa. Kipimo kilichokufa betri husema "haupo" kila mahali. Nyumba mpya nayo isikudanganye kwamba bado haina umeme: mara nyingi kuna laini ya muda ya kuendeshea mashine za ujenzi, na mtu anaweza kuwa ameiunganisha bila kukuambia.

Kufunga waya kwenye boksi la breka na kufanya vipimo vya mwisho mwachie fundi mwenye leseni. Mabomba, kutoboa, hata kushika taa ukutani unaweza kufanya mwenyewe ukiwa makini.

Unaponunua taa, tafuta herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji. IP44 inavumilia matone yanayorushwa kutoka pande zote, inafaa chini ya upenu. Ukuta ulio wazi unahitaji IP65, inayozuia vumbi kabisa na kuhimili maji ya mpira wa bustani. Lakini namba hiyo ni ya taa jinsi ilivyotoka kiwandani. Ukitoboa tundu jipya mgongoni mwake na kupitisha waya bila kibano cha mpira, umeshaifuta.

Waya uingie kwa nyuma au kwa chini. Ukilazimika kuuleta kutoka juu, uache ushuke chini kuliko tundu kisha upande tena kuingia, ili tone la maji lidondokee kwenye kona hiyo. Silikoni paka juu na ubavuni tu. Chini acha wazi. Niliwahi kuzungushia taa nzima silikoni, nikajiona nimefanya kazi ya uhakika. Miezi michache baadaye nilipoifungua, maji yalikuwa yamejaa nusu ya bakuli lake. Baridi ya usiku hugeuza mvuke ulio ndani kuwa maji, na maji yale hayakuwa na pa kutokea.

Kwenye kuunganisha, menya milimita 8 hadi 10 tu, kaza konekta, kisha vuta kila waya kwa nguvu. Ethi uache mrefu kuliko wenzake, ili taa ikivutwa na kung'oka, ethi iwe ya mwisho kuachia.

Ukitaka taa ijiwashe yenyewe kwa fotoseli, yaani kihisi cha mwanga, amua mapema, kwa sababu fotoseli inahitaji nyutro mahali ilipo, na visanduku vingi vya swichi havina. Isielekee taa yake mwenyewe: itaona mwanga, itazima, itaona giza, itawasha, usiku kucha. Taa ya getini inayofuata waya wa ardhini ni kazi nyingine: tumia kebo yenye deraya (ganda la chuma la kuikinga), ichimbiwe sentimita 60 hivi, na utepe wa onyo uwe juu yake kabla ya kufukia.

Kabla ya kuwasha, fundi apime kama ethi imefika hadi kwenye taa, kisha apime ukinzani wa ganda la nyaya, yaani jinsi linavyozuia umeme kuvuja, kwa volti 500. Kipimo kisiwe chini ya megaohmu 1. Kwa waya mpya mimi hutarajia zaidi sana ya hapo, na nikipata 2 au 3 natafuta unyevu au msumari. Taa ya LED na fotoseli zitolewe kwanza, volti hizo huziua. Umeme ukisharudi, bonyeza kitufe cha majaribio cha kile kikata-umeme. Kisipokata, usiitumie saketi hiyo.

Kisha subiri mvua ya kwanza kubwa. Kesho yake mchana zima breka, pima, fungua kifuniko cha taa, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa mpira unaoziba kifuniko hicho. Kikitoka kikavu, funga. Kikitoka na maji, usikimbilie silikoni: angalia kwanza waya unaingilia wapi.